Shati la Kasuku Kwenye Ramani

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu mstaafu alikuja kupunguza ndevu. Kabla sijamfunga kitambaa akanionyesha simu. Anasema siku hizi ramani za mtandaoni zina picha za mitaa; gari lenye kamera juu ya paa hupita likipiga kila kitu. Tukatafuta mtaa wetu. Saluni yangu hiyo hapo, imefungwa kufuli. Ng'ambo ya barabara, kwa hasimu wangu tunayemwita Wembe, mlango wazi. Ndani kuna mtu kitini, kainamisha kichwa. Wembe anamchonga kisogo.

Uso umetiwa ukungu. Shati halikutiwa. Shati la kasuku wa kijani, mke wangu alilishona kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia. Hakuna jingine mji huu.

Nikamwambia Mwalimu kwamba vitambaa vya mapazia vinauzwa kila mahali. Akasema, "Na kitambi nacho kinauzwa, fundi?"

Siku gari lilipopita ilikuwa ya fainali. Mtaa mzima ulikuwa mbele ya televisheni. Nani angejua kwamba gari halipendi mpira?

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ameiona. Kisogo hakikumshughulisha. Alitaka kujua imekuwaje niko kwa Wembe siku niliyomuaga naenda kumjulia hali shangazi. Nikasema nilipitia tu. Akasema shangazi anakaa upande wa pili wa mji. Chakula nikajipakulia mwenyewe.

Lakini nimepata dawa. Wenye ramani wana mahali pa kulalamika. Unagusa picha, unaandika, wanafunika. Nikagusa. Kidole changu kinene, ila nia ni safi. Nikaandika: "Naomba mfunike haraka. Ni suala la faragha na ndoa."

Ijumaa, 7 Machi

Wamekubali. Waungwana sana. Wamefunika saluni yangu.

Bango, mlango, mitindo niliyoichora ukutani kwa mkono wangu, vyote ukungu mtupu. Ng'ambo, mimi na kasuku tunang'aa. Nikaomba wafunue. Wakajibu kwamba kilichofunikwa hakifunuliwi.

Mchana bwana harusi mmoja akapiga simu. Ananitafuta kwa ramani, anaona wingu. Nikamwelekeza: niko mkabala na Wembe. Akaenda kwa Wembe, yeye na wasindikizaji wake wote.

Jumamosi, 8 Machi

Wembe kaichapisha picha na kuibandika mlangoni: HATA VINYOZI HUNYOLEWA HAPA.

Nikavuka barabara. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba kutangaza picha ya mtu bila ridhaa yake ni kumvunjia heshima. Akaniuliza kwa upole kama mtu huyo ni mimi. Nikasema si mimi, ila namtetea. Wakacheka mpaka aliyekuwa kitini akaomba wembe usimame kwanza.

Nikarudi kwangu, nikakaa mbele ya kioo. Nilitamani ule ukungu unifunike kweli.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kanipeleka kwa shangazi, kama mtoto anayepelekwa chanjo. Shangazi mzima kama kigongo. Alishangaa kusikia kwamba aliugua. Nikawaomba radhi wote wawili. Njiani mke wangu hatimaye akacheka. Akasema, "Kinyozi hajinyoi, baba watoto. Aibu iko wapi? Ungesema tu." Nikaahidi kwamba ujanja basi.

Alasiri Wembe akabisha hodi saluni, kofia imeshuka mpaka masikioni. Akasema picha ameshaibandua. Mke wangu alipita kumsemesha. Halafu akavua kofia. Kisogo msitu. Akakiri kwamba hana fundi anayemwamini zaidi yangu, ila aliona haya kuvuka barabara.

Nikamkalisha. Nikamnyoa kwa moyo wangu wote, mstari umenyooka kama uzi. Mkono wangu ni mwepesi. Akasinzia, mdomo wazi, mate kidogo kidevuni. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

Simu ilikuwa mfukoni.

Picha imetoka vizuri mno. Sasa naamua jambo moja tu: niichapishe kubwa kama mlango, au kama ukuta.