Kisumeri kwa Njia ya Mkato

Siku ya 21, mwezi wa matofali. Siku ya shule.

Kisumeri kitaniua! Leo Mwalimu Iddin-Ninurta kafundisha kwamba nyumba ni "e" na kubwa ni "gal". Nyumba kubwa: jumba la mfalme. Hapo sawa. Kisha akaleta kitenzi. Kimebebeshwa mizigo mbele na nyuma kama punda wa sokoni, hata sijui nani kampiga nani. Nikauliza tunajifunzia nini lugha ambayo hapa Nippur hakuna mama anayembembelezea mtoto. Nikachapwa. Nikatukanwa pia, nadhani kwa Kisumeri.

Mwisho wa mwezi Baba anakuja kunisikiliza nikisoma. Nikishindwa, narudi kufyatua matofali naye. Mimi! Kwa jua hili!

Siku ya 23. Siku ya shule.

Ahuni, anayekaa mbele yangu, kamaliza kibao chake cha udongo bila kosa. Anajidai mno. Akifikiri hung'ata pembe ya kibao. Tabia chafu.

Nimepata wazo. Kuandika kwa nini, wakati udongo unanasa kila kitu? Nimegandamiza udongo mbichi juu ya kibao chake kikavu. Maandishi yametoka kinyume, tena yamevimba kama vipele! Nimeduwaa.

Siku ya 24. Siku ya mapumziko.

Nimeng'amua! Kinyume cha kinyume ni sawasawa. Nimekausha kile cha vipele kwenye tanuri la Mama, nikagandamiza udongo mwingine juu yake. Kazi safi ajabu. Mama kalalamika mkate una ladha ya shule.

Siku ya 30. Baba kaja.

Kavaa vazi lake jema, miguu bado ina tope. Mwalimu kasifu kibao changu mpaka nikajisifu na mimi. Kisha akakigeuza. Akauliza nani kaking'ata pembeni. Nikasema mimi, kwa uchungu wa kufikiri. Akataka ning'ate tena, hapo kando. Nikang'ata, alama ikatoka na pengo katikati. Meno ya mbele sina, niliyaacha chini nilipoanguka kutoka darini. Darasa likaangua kicheko. Ahuni akaniambia, "Pole, msomi!"

Mwalimu kaniamuru nisome basi. Nikasema e, gal, e, gal. Nikaongeza sauti. Baba, asiyejua hata neno moja la Kisumeri, akawa anafuta machozi ya furaha. Niliona aibu. Kidogo.

Mwalimu akamtazama Baba kwa muda, ukali ukamwisha. Akamwambia anichukue nyumbani. Baba akauliza, kwa heshima zote, kama nimeshahitimu. Mwalimu akasema ndiyo, kwangu mimi shule imekwisha. Baba akamshika mikono yote miwili.

Siku ya 2, mwezi wa kupanda. Siku ya kazi.

Mgongo unaniuma. Baba kanitangaza kwa wafyatuaji wote: "Jamani, huyu Shumi wangu ni msomi!" Akaniuliza tofali kwa Kisumeri ni nini. Sijui! Sijawahi kujua! Nikasema "gurumbizi".

Akalirudia polepole, kama anaonja asali. Kufikia adhuhuri uwanja mzima ulikuwa unapaza sauti: lete gurumbizi, geuza gurumbizi. Jioni Baba kafagia kwenye kivuli cha ukuta, kaponda udongo laini wa vibao kwa miguu yake mwenyewe, kaniambia yeye na wenzake wanataka kusoma.

Kesho naanza nao kitenzi.