Pikapu Yangu Pale Korongo Kavu

Jumatano, 31 Julai

Leo mwisho wa kamera za kunasa picha za wanyama. Sheria ya Utah: zote zitoke msituni kabla ya msimu wa kuwinda. Nimetoa yangu, nimerudi mbio, nimejifungia bafuni kutazama picha. Ng'ombe wa watu. Ng'ombe. Mkia wa mbweha. Ng'ombe. Halafu yeye!

Dume la elki, yule kulungu mkubwa kama farasi! Mungu wangu, pembe zimepanda mpaka zimetoka nje ya picha! Anakunywa maji Chemchemi ya Kunguru kama vile ndiye anayelipia bili. Ameinua kichwa, ameitazama kamera kwa dharau, kana kwamba kesi yangu ameshaisikiliza na nimeshindwa. Nimempa jina: Hakimu.

Miaka kumi na tisa nimeomba kibali cha kuwinda elki kwa upinde katika mlima huu. Kila mwaka jina linaingia kwenye droo ya bahati nasibu, kila mwaka jibu ni samahani, shika pointi moja ya kukufuta machozi. Mwaka huu pointi zimetosha. Kibali kimoja, dume mmoja, wiki chache. Basi. Upate usipate, pointi zote zinafutwa, na kabla ya kuomba tena unakaa benchi miaka. Mimi nina hamsini na minane. Magoti yangu yana themanini. Nikikosa safari hii, nyingine nitapandishwa mlimani kwa machela.

Raha hii ina nzi mmoja. Thayne. Kaka wa mke wangu, dereva wa basi la shule, naye kapata kibali. Mlima uleule! Kaomba mara mbili tu! Kuna vibali vichache hutolewa kwa bahati tupu, na bahati ya wilaya nzima inalala kwa Thayne. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Hawakusema kwamba asiyevumilia naye anakaribishwa mezani.

Tena kuna ule ukuta. Sebuleni kwa mama mkwe, juu ya televisheni, kuna kichwa cha elki cha Thayne. Kila sikukuu nakula viazi chini ya pua yake. Pembeni, karibu na saa, pana nafasi moja. Mama mkwe kasema ni ya kichwa kitakachofuata, na hakusema cha nani. Nafasi ile ni yangu.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimepata mbinu! Imenijia nikiwa nauza mabomba ya kumwagilia. Mteja kaondoka bila viungio vyake, lakini mambo makubwa yana gharama.

Mji mzima unaijua pikapu yangu. Nyekundu, mlango mmoja mweupe wa kupachika. Ikisimama Chemchemi ya Kunguru, jioni hiyohiyo hata mchungaji wa kondoo atakuwa anajua. Basi nimeipeleka Korongo Kavu, ng'ambo ya mlima, nimeiacha mwisho wa barabara. Ikae huko mpaka msimu ufunguliwe! Thayne ataiona, atasema ahaa, shemeji kaona kitu, na atahamia huko na upinde wake. Korongo Kavu hakuna kitu. Mawe na mijusi. Sijawahi kuingia ndani, lakini mtu mwenye akili haingii.

Marva amekuja kunichukua kwa gari lake.  Njiani ameuliza kwa nini nisimwambie tu kaka yake kwamba chemchemi nimeiona mimi, aniachie. Nimecheka mpaka nimekohoa. Mke wangu ana moyo safi, ila vita havijui.

Jumapili, 4 Agosti

Siku mbaya kidogo. Kuna kile kifilimbi cha mpira kinachokaa juu ya ulimi, cha kuigiza sauti ya elki jike. Wanaojua wanasema mdomo lazima ukizoee, kwa hiyo nakaa nacho siku nzima. Hata kanisani. Nani angejua?

Darasa la baada ya ibada, mwalimu kageuka ghafla kasema ndugu Lyndell atufungie kwa sala. Kukitema mbele ya watu? Kukimeza? Nimesimama. Nimesema Baba yetu uliye, na hapo kikatoka kilio cha jike anayeomba mume. Kirefu. Nimejaribu tena, kikatoka kingine, cha huzuni zaidi.  Mama mkwe peke yake, kutoka kiti cha nyuma, kaitikia Amina.

Thayne alicheka mpaka akatolewa nje. Baadaye alinipigapiga bega, akasema: "Usijali shem, sauti imetoka vizuri. Punguza pumzi tu, usilie kama mtu kabanwa na mlango." Anataka nipunguze pumzi! Nitaongeza.

Alhamisi, 8 Agosti

Mazoezi ya kulenga. Mlimani hupigi mshale ukiwa umesimama kwenye majani ya uani. Unapiga kuelekea chini, bondeni, moyo unadunda. Hivyo nimepanda juu ya paa la banda la mama mkwe na begi la chumvi mgongoni, mfano wa mzigo wa safari. Yeye alikuwa ndani anatazama vipindi vyake.

Mshale wa kwanza, safi! Wa pili, safi! Wa tatu paa limeitikia krak, mguu wangu mmoja umeshuka bandani, na mshale umekwenda ulikotaka wenyewe.

Nilipochomoa mguu, mama mkwe alikuwa chini ananisubiri. Mkononi ana mshale wangu. Kwenye mshale kuna boga, limechomwa katikati barabara. Akasema: "Shika mkwe wangu. Angalau hili umelipata." Nikasema asante mama. Ungesema nini? Marva amelipika jioni, na hakuna aliyeongea mezani bila kushika mdomo.

Jumamosi, 10 Agosti

Thayne amekuja kuziba paa la mama. Nilimwambia ningeziba mwenyewe. Akasema hapana, wewe pumzisha mguu, mlima unakuja. Anajifanya!

Halafu, misumari mdomoni, akaitoa ile kauli. "Shem, nimeona gari lako Korongo Kavu. Ondoa wasi. Mimi pale sitii mguu. Gari la mtu likishalala pale, pana mwenyewe."

Nilimkazia macho. Hakupepesa. Mwongo aliyekomaa!

Ni kweli wazee walitufundisha hivyo. Ukikuta gari la mwenzio mwisho wa barabara, unageuza, unakwenda kutafuta kwingine. Lakini nani anafuata hayo siku hizi? Mimi sijawahi. Akisema hatii mguu, maana yake keshatia mguu. Ameshanasa! Nimemuuliza basi atawinda wapi. Akasema hajui, atazungukazunguka, atajaribu barabara yoyote ambayo haina gari la mtu. Nimemtakia heri. Nilikuwa karibu kuimba.

Jioni nimemwomba Marva anipeleke nikaongeze chumvi kwenye mtego. Nimeweka kofia yangu kwenye usukani. Kiti cha kukunja nje. Chupa mbili tupu za soda. Ukipita unasema huyu bwana kahamia. Kulikuwa na kinyesi kibichi karibu na gurudumu, kikubwa kikubwa. Ng'ombe wa watu wanazurura kila mahali.

Mama mkwe nilipomsimulia amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia kweli kabisa mama, Thayne ajiangalie.

Jumatano, 14 Agosti

Wiki ya pili naenda kazini kwa baiskeli ya zamani ya binti yetu. Ina kikapu cha waridi na kengele. Watoto wa mtaani wananipigia makofi. Nawapungia mkono. Jemadari hachagui farasi.

Nguo za kuwindia nimezifua kwa sabuni isiyonuka, nimezifungia kwenye sanduku la udongo na majani ya msonobari. Elki ana pua kali, kwa hiyo vitunguu nimeacha. Marashi nimeacha. Jana niliacha na sabuni ya kuogea, leo Marva kasema ama mimi ama pua yake, mmoja alale kwenye hema. Ninaandika haya nikiwa hemani.

Lakini alinifuata na sahani ya chakula, akakaa. Akaniambia: "Miaka kumi na tisa, Lyndell. Kila Mei nakuona unafungua ile kompyuta kusoma majibu, halafu unatoka nje kwenda kumwagilia majani yaliyolowa tayari. Nataka umpate huyo mnyama. Wewe nenda tu moja kwa moja pale chemchemi, alfajiri, ukae kimya. Basi. Hivyo huwezi?"

Nimelia kidogo. Nimesingizia msonobari. Nimemwambia naweza. Nampenda mwanamke huyu kuliko pointi zote.

Ila moja kwa moja haiwezekani. Thayne akiwa anachungulia Korongo Kavu, asiponiona nikifika kwenye pikapu, si atashtuka? Lazima nianzie kule, nionekane, halafu nipande mgongo wa mlima na kuteremkia chemchemi kwa nyuma. Ni mbali kidogo tu.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku ya kwanza ya msimu. Naandika nikiwa nimelala chali, maana kukaa siwezi.

Marva kanishusha Korongo Kavu bado giza. Nimekohoa kwa nguvu. Nimefunga mlango wa pikapu mara tatu. Nimewasha taa, nimezima. Thayne popote ulipo, ona! Kichakani kitu kizito kikashtuka, kikakimbia kikivunja matawi. Nikasema ndiye huyo, kanenepa. Nikaanza kupanda.

Si mbali kidogo tu. Ni mbali sana. Jua limenikuta nusu ya mlima, natambaa. Nimeanguka kwenye miiba, upinde juu, mimi chini, ndivyo inavyotakiwa. Nimefika juu ya chemchemi watu mjini wanakaribia kula chakula cha mchana. Nimekiweka kifilimbi ulimini. Nimepuliza kwa pumzi zote.

Nikajibiwa! Mlio mwororo, mzuri, kutoka bondeni!  Nimeteremka kwa matako, kichaka hadi kichaka. Mlio tena. Nimepachika mshale. Nimesogeza tawi.

Thayne. Amekaa juu ya jiwe, anakula mkate. Miguuni kwake amelala Hakimu.

"Karibu shem!" kasema. "Nilijua ni wewe. Hakuna elki duniani anayelia hivyo. Nikaona nikuitie, usije ukapotea."

 Nilimuuliza kafikaje hapa, hapa hasa. Akasema alitaka aanzie Korongo Kavu, kuna dalili nzuri kule, lakini gari langu limekaa pale wiki mbili, angeniingiliaje? Akageuza. Akachukua barabara ya pili, haikuwa na gari la mtu. Akaikuta chemchemi, akakaa kimya, kukapambazuka, Hakimu huyo. "Ungeegesha hapa ningepita zangu," akasema, na machozi yakimlengalenga. "Shem, sijawahi kuona dume kama huyu. Nafurahi umekuja. Nilikuwa sina wa kumwonyesha."

Nimekaa chini. Nimemshika Hakimu pembe. Nene, nzito, bado zina vumbi la mti. Roho imeniuma, nisidanganye. Halafu tumechuna na kupasua, na nimebeba paja zima mgongoni mpaka kwenye gari la Thayne, ambalo lilikuwa palepale nyuma ya misonobari. Barabara inafika kabisa. Nilikuwa najua.

Jumapili, 18 Agosti

Leo hakuna kuwinda, ni siku ya Bwana. Chakula kwa mama mkwe. Minofu ya Hakimu kwenye siagi, viazi vya jibini, jeli ya kijani yenye karoti. Nimejaza sahani mara tatu. Mnyama mtamu, lazima nikiri, na nimecheka na wenzangu hadithi ya boga iliposimuliwa upya, ingawa imeongezwa chumvi.

Mama mkwe akaleta nyundo, akauliza kichwa kitakuwa tayari lini apigilie msumari karibu na saa. Thayne akasema hapana mama, hiki nakipeleka gereji kwangu. Nafasi ile ni ya shem, anaisubiri tangu zamani, na msimu ndio kwanza umeanza.  Marva akanifinya goti.

Kisha Thayne akanivuta kibarazani. Akatoa simu. Picha ya mwezi Julai: dume mmoja, pembe za kumfanya Hakimu aonekane ndama. "Korongo Kavu, shem. Palepale unapoegesha. Hukumwona? Nilidhani ndiye uliyemfuata, ndiyo maana sikusema. Bado yupo, nyayo zake zimezunguka gari lako. Kesho alfajiri twende. Nitakaa nyuma nimwite, wewe upige. Huna haja hata ya kupanda mlima."

Nilimtazama. Sura ya malaika! Kichwa gereji. Nafasi ya ukutani nichukue. Dume mkubwa, bure, na mwitaji juu. Mtu anakupa yote hayo kwa nini? Kwa sababu anajua hasa kitu kizuri kiko wapi, na anataka nikae mbali nacho! Kuna Hakimu wa pili pale Chemchemi ya Kunguru, sina shaka sasa.

Nimemkumbatia. Nimemwambia asante sana, ila kesho nitapumzisha mguu. Marva alikuwa mlangoni, kasikia yote. Amejishika kichwa, kaingia ndani.

Kila kitu kiko tayari. Pikapu inabaki Korongo Kavu, asije akagundua kwamba nimemgundua. Kiti nimekiacha nje, na kofia iko kwenye usukani. Nitapita mgongoni mwa mlima kama jana, ila safari hii nitaondoka mapema zaidi.