Vyumba Vinane vya Santa Ortensia

Khattab bin Thani hakuwa mwizi. Mwizi huingia kwa dirisha, na Khattab tangu azaliwe hakuwahi kuingia kwa mtu ila kwa mlango wa mbele, tena baada ya kukaribishwa, akakalishwa na kutiliwa kahawa. Kama vitu vya watu vilikuwa vikimfuata akishaondoka, hilo lilikuwa jambo baina ya vitu na wenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama nje ya Bandari ya Sultan Qaboos, kanzu yake ya dishdasha nyeupe pe, udi unanukia hadi barabarani, akingojea watalii washuke melini. Aliwauzia "ubani wa makaburi ya wafalme", ambao aliununua kwa kilo sokoni Matrah, hatua mia mbili nyuma ya mgongo wake. Biashara ilikuwa baridi. Mzungu wa siku hizi ana simu, na simu imeharibu riziki za waungwana wengi.

Ndipo akasikia Kiswahili. Wanawake wanne walikuwa wakitembea kando ya bahari kwa amri ya daktari wa sukari, na mmoja wao, mnene mwenye bangili hadi karibu na kiwiko, alisimama akaielekezea meli kidole.

"Mwaka huu Italia," alisema. "Lakini sendi kulala kwenye mahoteli makubwa ya kila mtu. Nataka kihoteli kidogo, ndani ya mji wenye watu wao, ambacho Muhsina hajakisikia hata ndotoni."

Huyo ndiye Bi Kheiria wa Ansab, mzaliwa wa Unguja, aliyestaafu wizarani na cheo kikubwa na kazi ndogo. Muhsina alikuwa wifi yake. Alikwenda Uswisi mara moja, siku tisa, na tangu hapo hapakuwa na harusi wala matanga ambayo theluji haikuanguka ndani yake.

Khattab akasogea, mkono kifuani.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, nimesikia bila kusikiliza. Ungesema unataka hoteli kubwa ningepita zangu. Lakini umesema ndogo."

"Marahaba. Na wewe nani?"

"Mimi nawapangia watu safari. Si watu wote. Wachache tu."

Neno "wachache" lilimwingia Bi Kheiria kama sindano ya ganzi. Akauliza mji gani. Khattab akasema Trieste, kwa sababu aliwahi kumsikia msichana mmoja akiutaja, na kwa sababu hakumjua mtu yeyote aliyewahi kurudi kutoka huko na kusema uongo juu yake. Alipoulizwa jina la hoteli alisema jina si la kutajwa njiani. Ukweli ni kwamba alikuwa bado hajalipata. Alilipata adhuhuri jikoni kwake, kwenye mkebe wa nyanya: Santa Ortensia.

Msichana aliyeutaja mji huo alikuwa Wijdan. Alisoma usanifu wa majengo Trieste miaka mitatu, akarudi na shahada, na shahada ikampeleka moja kwa moja kwenye kiti kibovu katika bohari la marumaru kule mtaa wa Ghala. Mwenye bohari, Loay, alimfanyisha kazi ya kuzungumza na wachimba mawe wa Italia kwa simu, na akamlipa kama mpika chai.

"Unataka nijifanye bibi wa Kitaliana?" aliuliza Wijdan.

"Nataka uwe Sinyora, mwenye hoteli. Kujifanya ni neno baya."

"Na fungu langu?"

"Robo."

"Nusu."

"Wijdan, mimi ndiye niliyeijenga hoteli hii."

Wakakubaliana theluthi. Khattab akamkabidhi miwani ya kamba, shali, kofia yenye ua, na unga wa kupaka nywele ziwe na mvi. Tayari alikuwa amekwishatengeneza kijitabu chenye picha: kitanda cha hoteli moja, dirisha la nyingine, na bahari ya nchi ambayo hata yeye hakuijua.

"Na wakifika huko, watu wazima hao," alisema Wijdan, "watalala wapi?"

"Watakuwa Ulaya. Ulaya hapakosi benchi."

Wijdan alikuwa akicheka tangu mwanzo. Hapo kicheko kilikatika. Khattab hakuliona hilo, maana alikuwa akimpima kofia.

Siku ya Jumapili, kabla ya alasiri, Khattab aliketi barazani kwa Bi Kheiria, halwa mbele yake, tableti imesimamishwa kwenye birika. Nusu saa ya kwanza aliitumia kueleza jinsi ambavyo katika safari zake zote hajawahi kupitwa na sala. Nusu saa hiyo, kama tutakavyoona, ilimgharimu.

Kabla ya simu kupigwa Bi Kheiria alimwinamia sikioni.

"Sisi tu wanane. Wenzangu nimewatajia bei nyengine, imezidi kidogo. Usije ukanitia fedheha. Na chumba changu mimi nakitaka bure, maana ndo kiongozi."

Khattab alimtazama kwa heshima mpya. Alidhani amekuja kuchuma kwa mtu mpumbavu, kumbe amekutana na mwenzake wa kazi ambaye tu hajapata uzoefu.

Tableti ikawaka, na Sinyora akatokea. Nyuma yake yalisimama mabamba ya marumaru nyeupe, yenye mishipa ya kijivu, kutoka sakafuni hadi juu.

"Mashaallah," alinong'ona Bi Kheiria. "Hiyo ndo sebule?"

"Hiyo ni njia ya kwendea chooni, bibi. Sebule bado."

Sinyora alizungumza kwa kasi na kwa mikono. Khattab hakujua neno hata moja la Kitaliana, jambo ambalo halikumzuia kutafsiri.

"Anasema nyumba hii ilikuwa ya babu yake, kadhi wao. Anasema nguruwe hajawahi kuvuka kizingiti."

"Muulize kibla kiko wapi."

Khattab akasema maneno matatu yenye "o" mwishoni. Sinyora akaelekeza mkono dirishani bila kusita, na kwa kweli alielekeza sawasawa, maana Ghala na Ansab kibla chao ni kimoja.

Ghafla msumeno wa kukatia mawe ukalia, mlio wa kupasua meno.

"Nini hiyo?"

"Wanakarabati kanisa la jirani, bibi. Kule makanisa hayeshi kukarabatiwa."

Msumeno ukanyamaza, na jasho la Khattab likaanza kukauka. Hapo ikaadhiniwa alasiri. Msikiti wa nje ya nyumba ulianza, na pumzi moja baadaye, waziwazi, tableti nayo ikaadhini.

Bi Kheiria akainamisha kichwa. "Mbona naisikia mara mbili?"

"Ni sauti ya msikiti wenu," alisema Khattab. "Imekwenda mpaka Italia, ikarudi."

"Subhanallah," alisema Bi Kheiria, na machozi yakamlengalenga. Kisha akayafuta. "Haya, mwanangu, nenda. Msikiti huo hapo, sala ya jamaa isikupite, mtu kama wewe. Nami ntabaki namtazama Sinyora mpaka urudi."

Mwenyewe ndiye aliyesema hajawahi kupitwa. Khattab akaenda, akasali rakaa nne ambazo malaika waliziandika kwa mashaka, akarudi mbio na viatu havijamkaa. Aliwakuta wanawake wote wawili wanatabasamu. Sinyora akampungia mkono, skrini ikazimika.

"Ntafikiri," alisema Bi Kheiria. "Njoo Jumatano."

Jumatano hakukaribishwa ndani. Bi Kheiria alitokea getini na kanga begani, na hiyo peke yake ilimtosha mtu mwenye akili kujua kwamba jambo limeharibika.

"Ile safari ishakuwa," alisema.

"Imekuwaje, bibi?"

"Wewe ulipokwenda kusali nilitoa simu yangu. Kuna kitu humo, mimi nasema Kiarabu, chenyewe kinasema Kitaliana. Nikamwambia Sinyora, huyu dalali wa nini katikati yetu? Mwanamke kwa mwanamke! Nikamwandikia nambari yangu kwenye karatasi, nikamuonesha. Usiku ule ule akanipigia. Kanipunguzia, na chumba changu nnakipata bure."

Khattab alihisi dunia inamponyoka kama sabuni.

"Umelipa?"

"Zote. Kamtuma wakala wake, binti mpole, kavaa barakoa eti ana mafua. Viza tunazo zamani, tunaondoka Jumamosi."

"Bibi Kheiria. Yule Sinyora..."

"Yule Sinyora kafanyaje?"

Khattab alifungua mdomo. Ndani yake mlikuwa na ukweli mtupu, mara ya kwanza kwa miaka mingi, na haukuwa na njia ya kutokea. Akisema hakuna Sinyora, ataulizwa nani aliyemleta. Akisema hakuna hoteli, kijitabu alichompa, chenye jina lake, kiko mezani.

"Ni mtu mzuri," alisema.

"Ndo nikwambiavyo. Nyinyi wa bara tatizo lenu tamaa," alisema Bi Kheiria, ambaye wenzake saba walikuwa wamelipa bei nyingine. Wazee wa Khattab walitokea Tabora, na hilo alikwishamuuliza siku ya kwanza. Geti likafungwa.

Ghala, Loay alimpokea kwa uso uliokunjamana. "Kaacha kazi juzi. Nimemuuliza anakwenda wapi, kaniambia anakwenda kuyatazama marumaru kwao." Simu ya Wijdan haikupatikana.

Khattab aliumia kama wanavyoumia watu wema wakidhulumiwa. Alijiuliza imani imekwenda wapi duniani. Kisha akajipoza kwa kuwaza wanawake wanane na masanduku kumi na sita wamesimama barabarani Trieste, Bi Kheiria katikati akiuliza njia. Picha hiyo ilimstarehesha mpaka saa nne ya usiku. Saa tano akakumbuka kwamba watu wanaokosa hoteli huenda polisi, na polisi huuliza swali moja tu: mlianzia kwa nani?

Jumamosi, ndege ikiwa angani, Khattab alikuwa barabara ya kwenda mji wa Sur na sanduku lake. Alijificha kwa dada yake, Afra, siku kumi. Alimwambia anapumzisha mapafu. Gari likipunguza mwendo nje, alikwenda kuoga. Alioga mara nne kwa siku.

Siku ya kumi na moja Afra aliingia na simu mkononi.

"Hawa si watu wa Ansab? Picha yao imezunguka kwa wanawake wote. Hebu mtazame Bi Kheiria, kama balozi."

Khattab akaitazama. Wanawake wanane walikuwa wameketi roshanini, vikombe vidogo mkononi, bahari chini yao. Bi Kheiria alikuwa katikati, miwani myeusi, kidevu juu, amekaa kwa ajili ya Muhsina peke yake. Nyuma yao alisimama Wijdan na sinia la kahawa, hana mvi, hana kofia, anacheka.

Alimpata wiki iliyofuata, kwenye mkahawa wa chai karibu na magereji ya Ghala. Wijdan hakukimbia. Alimvutia kiti, akaagiza chai mbili na kulipa.

"Umewapeleka wapi?" aliuliza Khattab. Alikuwa amejitayarishia maneno makali, lakini udadisi uliyatangulia.

"Kwa mama niliyepanga kwake nilipokuwa nasoma. Ana vyumba vinane kweli, na miezi hii havina watu. Uwanja wa ndege niliwaambia Santa Ortensia imepasuka bomba."

"Nao wakakubali?"

"Walilalamika siku tatu. Mkate mgumu, kahawa kidogo, mapaka mengi. Siku ya nne wakaulizia mwakani."

"Na chumba chake cha bure?"

"Darini. Ngazi sabini na nne. Magoti yake yanalia mpaka leo, lakini wenziwe kawaambia ni chumba cha heshima, huwekwa mtu mmoja tu."

Khattab karibu acheke, akakumbuka kwamba amedhulumiwa.

"Ungeniambia. Tungeifanya pamoja."

"Ungekubali? Hoteli ya kweli, yenye vitanda?"

Khattab alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Aliona vitanda, mashuka ya kufua, mama wa kulipwa, watu wakirudi wameridhika na kutaka tena. Mwili ukamsisimka kwa uchovu.

"Hapana," alisema.

"Basi."

"Basi lete fungu langu. Nusu. Wateja ni wangu, wazo langu, hoteli yangu!" Alipiga meza, na mafundi wawili wakageuka.

Wijdan alisimama, akatia simu mkobani. Ilikuwa ikilia tangu alipoketi. Watu wa Ansab walikuwa wakiulizia nafasi.

"Mimi nimeuza hoteli ya yule mama, na yeye kanipa haki yangu. Hoteli yako ni ile isiyokuwepo, Khattab. Sikuiuza. Bado yote ni yako, na vyumba vyake vinane."

Akatoka. Chai ilikuwa imekwishalipiwa. Khattab akazinywa zote mbili.