Jiwe la Asali la Marui

Jumatatu, 3 Juni
Zuwena yuko kwao Marui, mwezi wa pili sasa. Kosa langu: nilifuga kware mia mbili chumbani kwetu. Baba yake, Mzee Mwinyimadi, ametoa sharti. Nipalilie nusu ya shamba lake la muhogo wiki hii, Jumamosi nirudi na mke wangu Kibaha. Nimepanda gari kituo cha Kwa Mathias na jembe mkononi. Sharti jepesi mno!

Jumanne, 4 Juni
Jembe limegonga jiwe. La njano, rangi ya asali, linapitisha mwanga! Nimesoma kwenye simu: yapo madini adimu yanayotokana na mimea iliyooza, laini kupita vito vingi. Nimelikwaruza kwa ukucha. Likakwaruzika. Hashiru, umetoka kimaisha! Palizi isubiri.

Jumatano, 5 Juni
Mashimo kumi na moja. Muhogo ulinizuia, nikaung'oa. Said, mume wa dada yake Zuwena, amemaliza nusu yake, safi kabisa. Akaniuliza kama natafuta panya. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Simu inasema madini yenyewe yakipata moto hugeuka meupe, hayayeyuki. Nimeliweka kwenye kikaango cha mama mkwe, jikoni. Limeyeyuka. Limenata. Nyumba nzima ikanukia ubani. Mzee akaja akinusa, akasema hiyo ni sandarusi, utomvu wa miti ya zamani, babu yake aliichimba kwa magunia, na watoto wa hapa huitumia kufukuzia kuku. Kisha akaenda kutazama palizi yangu. Alikaa huko muda mrefu.

Jumamosi, 8 Juni
Zuwena alikuwa amefunga begi tangu alfajiri. Nililiona mlangoni. Baba yake akamwambia alifungue. Zuwena hakunigombeza. Alisema tu kwamba safari hii alikuwa ameniamini, halafu akaingia ndani. Heri angenitukana. Nimelia njia nzima, abiria wakanipa pole ya msiba.

Niko nyumbani Tumbi, hapa Kibaha, peke yangu. Msumari wa kanga zake mtupu. Nimetundika mfuko wangu hapo, msumari ukakaribia kung'oka kwa uzito. Maana shimo la tisa lilikuwa na mawe ya kijani. Nimeyakwaruza kwa ukucha, hayakwaruziki! Kesho nasoma habari za zumaridi.