Udongo Ulao Chupi

Jumatatu, 5 Mei
Siku kumi na moja zimebaki. Mkuu wa kitengo chetu cha udongo anastaafu, na kiti kile ni changu. Miaka kumi na minne nahesabu bakteria wa udongo kwenye darubini mpaka shingo imepinda! Lakini Mkurugenzi anataka wakulima wawe mashahidi. Mimi nina kitalu changu, na Binti Mboji, mtafiti mwenzangu anayekitaka kiti hicho, ana chake. Machi tulifukia chupi mpya ya pamba katika kila kimoja. Udongo wenye uhai hula pamba. Siku ya wakulima zitafukuliwa, na atakayekuwa na chupi iliyoliwa zaidi ndiye mkuu.

Binti Mboji! Kushika darubini nimemfundisha mimi. Leo wakulima wanamwita daktari wetu. Mimi wananiita yule mwenzake.

Jumanne, 6 Mei
Adhuhuri, watu wakiwa wanakula, nimekwenda kuchungulia kitalu chake. Si wivu. Ni utafiti. Nimechimba kwa kijiko, nimevuta ukingo. Nzima! Hata mpira wa kiunoni bado unavutika. Nimerudisha udongo na kuumwagia maji kuficha alama. Chakula kimeteremka vizuri leo.

Changu sijakigusa. Kila siku nawahubiria wakulima waache kuusumbua udongo.

Alhamisi, 8 Mei
Nimechungulia tena. Kuna tundu. Dogo, lakini tundu. Moyo umenipasuka. Nimefukia, nimemwaga maji.

Mke wangu kauliza kwa nini kucha zangu nyeusi. Nikasema ni kazi. Akasema kazi yangu ni ya darubini, tangu lini nina kucha za mtu anayelima? Mwanamke huyu angefaa upolisi.

Jumatatu, 12 Mei
Ijumaa nilikuta matundu mawili. Leo manne! Nimeitoa chupi yote, nimeigeuzageuza kama ninayetaka kuinunua. Nimefukia. Maji tena. Huyu anatia nini humo?

Nimemuuliza kwenye korido, kwa upole wa kinafiki. Akacheka, akajibu kwamba hafanyi lolote, ameuacha tu udongo. Muongo mkubwa!

Jumatano, 14 Mei
Upande mmoja wa chupi umekwisha kabisa. Nimerudi ofisini, nimekaa, na hapo ndipo akili iliponijia. Hewa na maji! Bakteria wakipata hewa na maji wanakula kama wamealikwa. Nimefundisha hivyo ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Na mara tano nimempelekea Binti Mboji hewa na maji, bure, nikiwa nimeinama juani na kiuno hiki kibovu.

Nimekimbilia kitalu changu. Chupi nyeupe pe, mtu anaweza kuivaa kwenda harusini.

Alhamisi, 15 Mei
Nimekwenda mara ya sita. Sijui kwa nini. Nilitaka tu kuona.

Ijumaa, 16 Mei
Wakulima wamejaa. Yangu ilipotoka, mmoja akauliza kama anaweza kuondoka nayo. Ya Binti Mboji ilibaki mpira mtupu. Vigelegele! Mkurugenzi akafungua mdomo kutangaza, na hasira ikanipanda. Nikapaza sauti kwamba matokeo ni batili, kitalu kile kimevurugwa, kimechimbwa mara sita na kumwagiwa maji.



"Umejuaje ni mara sita?" Mkurugenzi akauliza.

Nikasema nimekadiria. Akaziangalia kucha zangu. Mkulima mmoja nyuma akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wote wakaiangalia chupi yangu. Binti Mboji hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "ungeniambia tu. Ningekuonyesha mwenyewe."

Jumamosi, 17 Mei
Ukuu ni wake. Mkurugenzi alikwenda kwenye vipimo vya maabara vya Aprili, kabla sijashika kijiko. Bakteria wake walikuwa mara tatu ya wangu. Kumbe nilikuwa nimeshashindwa kitambo! Alitaka kunifukuza kazi. Aliyenitetea ni Binti Mboji, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mke wangu amenikalisha mezani niandike barua ya kuomba radhi. Nimeandika kurasa mbili. Nimejuta kweli. Nimekaa nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi, na nimeliona waziwazi.

Nilihesabu. Mwakani nitachimba bila kuhesabu.