Mafuta ya Damu na Lori Jipya

Jumatatu, 4 Machi
Majibu ya damu yametoka. Mafuta yamezidi. Daktari wa kiwanda chetu cha mikate kasema nipunguze, nitembee, tutapima tena tarehe ishirini. Msimamizi kaongeza lake: lori jipya la safari ndefu atapewa dereva mwenye afya. Tunaolitaka ni wawili, mimi na Kijiti. Kijiti ni mwembamba kama jina lake.
Kupunguza ni kwa waoga. Mimi nafuta kabisa. Tone halipiti kooni.

Jumanne, 5 Machi
Nimetangaza nyumbani. Chupa ya mafuta ya kupikia nimempa jirani. Mke wangu kauliza kama na watoto wamepimwa damu. Jioni kaifuata chupa kwa jirani, kairudisha. Kapika sufuria mbili: yao inanukia vitunguu, yangu maharage ya chumvi. Nimekula nikitazama ukuta.

Ijumaa, 8 Machi
Njaa haina adabu. Lakini nimegundua jambo: soda haina mafuta. Nimesoma kibandiko mara mbili. Jemu haina. Sukari haina hata chembe. Sasa natafuna karoti kavu, nakunywa soda njia nzima, na chai naitia sukari mpaka kijiko kinasita. Mke wangu kasema sukari nayo ina mambo yake. Nimemwambia asome kibandiko.

Jumatatu, 11 Machi
Mpango wa pili. Haitoshi mimi kushuka. Kijiti naye apande. Nimeanza kumpelekea keki za siagi, zile zinazovunjika kiwandani. Nimemwambia ni upendo wa kazini. Kapokea kwa mikono miwili, kasema hakujua kama nina moyo hivi. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 16 Machi
Hata mafuta ya kujipaka nimeacha, yasije yakapenya. Ngozi imepauka, visigino vimechanika. Kijiti kauliza kama nimeangukia unga. Mke wangu kahamishia mto wake upande wa ukutani, ati miguu yangu inakwaruza. Sirudi nyuma.

Jumatano, 20 Machi
Tumepimwa. Yangu yamepanda.
Nikamwambia muuguzi mashine yake mbovu. Akanikalisha, akauliza nimekula nini. Nikamweleza, kwa fahari.
"Sukari ikizidi, baba, ini linaigeuza kuwa mafuta," akasema. "Umekunywa mafuta kwa chupa, ila ulikuwa huyaoni."
Kisha akanieleza kwamba mafuta yenyewe si adui. Kila chembe hai ya mwili imezungushiwa utando wa mafuta. Yanafunika mishipa ya fahamu, yanazilinda figo zisigongwe, yanatunza joto, ni akiba ya nguvu. Kuna vitamini zisizoingia mwilini sawasawa bila mafuta. Karoti zangu kavu nilizitafuna karibu bure. Hata ile kolesteroli mwili unaihitaji, kutengenezea homoni. Ubaya ni kuzidi. Nile kwa kiasi, nipunguze sukari, nitembee. Yaani yale yale ya daktari.
Kijiti yuko sawa kabisa. Lori ni lake. Na keki? Hapendi vitu vitamu. Alikuwa anawapa walinzi wa getini, kwa jina langu. Mkubwa wao kanishika mkono, kasema mimi ni mtu wa watu.
Kijiti kanifuata nje. Kasema yeye hutembea kila jioni, nikitaka twende wote.
"Peke yangu nachoka kujisemesha," akasema.
Nikamwambia nitafikiria. Nyumbani mke wangu hakunicheka. Kaniwekea chakula cha sufuria yao, chenye mafuta kidogo, kanisogezea kiti. Nikala. Nusura nilie.

Alhamisi, 21 Machi
Nimeamka na akili mpya. Usiku nilikumbuka neno moja la muuguzi: sehemu kubwa ya kolesteroli hailetwi na chakula, inatengenezwa na ini lenyewe. Ini! Kumbe msaliti yuko ndani, na mimi nilikuwa nagombana na chupa ya mafuta.
Kijiti kapita kuniuliza kuhusu matembezi. Nimemwambia sina nafasi.
Kuanzia leo sili kitu chochote ambacho ini linaweza kukigeuza. Nimepiga hesabu, yamebaki maji. Mke wangu kaniangalia, kachukua kikapu, kaenda sokoni.
Sawa. Tutaona nani dereva humu ndani.