Profesa Niliyemtunga Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Sura ya pili ya utafiti wangu imerudi. Wino mwekundu kila ukurasa. Msimamizi anauliza pembeni, tena na tena, ushahidi uko wapi. Mada yangu ni kwa nini wanafunzi huchelewesha kazi. Mimi mwenyewe si ushahidi? Anataka vyanzo, na anavitaka kabla ya Ijumaa, la sivyo narudia mwaka. Tena. Mdogo wangu wa kike ameshanifikia, tuko darasa moja. Nikikwama, anahitimu kabla yangu. Roho inaniuma.

Jumanne, tarehe 4

Mdogo wangu kashinda maktaba. Anasoma, ananukuu, anaandika na ukurasa alikotoa. Kujipendekeza tu. Mimi nimelala chali nikapata akili: ya nini kumsaka msomi anayekubaliana nami, wakati naweza kumtengeneza? Nimempa uprofesa, kitabu, mwaka, mpaka ukurasa wa 212. Mzee ana busara sana. Anakubaliana nami kwa kila kitu, jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kulifanya.

Jumatano, tarehe 5

Mdogo wangu kapekua sura yangu ya pili nikiwa naoga. Eti kitabu kiko rafu gani, naye akisome. Nikamwambia ni adimu. Akasema, kaka, njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba hata methali hiyo kaitoa bila kutaja chanzo. Mama alicheka, lakini akiwa upande wa binti yake.

Alhamisi, tarehe 6

Nimewasilisha asubuhi, kabla ya wakati! Jioni mkutubi kanisimamisha mlangoni mwa maktaba. Msimamizi wangu alipita akitafuta kitabu fulani, hakukipata. Je, mimi nakijua? Nikasema wanafunzi wa siku hizi hawarudishi vitabu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeitwa ofisini. Kiti cha wageni kimejaa mafaili, nikasimama. Msimamizi akasema kwa upole kwamba yeye anamfahamu profesa wangu, walikutana kwenye kongamano, na mzee analalamika kwamba nimemwelewa vibaya. Mwongo mkubwa! Mtu mzima, msomi, anadai kakutana na mtu asiyekuwepo! Ndio hawa wanaotufundisha maadili ya utafiti.

Akaendelea: nimletee kitabu kesho, au nimwambie ukweli anipe wiki moja niandike upya. Nikaahidi kitabu.

Sura ya mdogo wangu imekubaliwa. Mama anaimba jikoni. Baadaye mdogo wangu kaja chumbani kwangu, akasema niende nikaseme kweli, wiki inatosha, yeye atanionyesha pa kuanzia. Hakuwa akinicheka. Alinihurumia kwa dhati, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Nikamwambia atoke.

Jumamosi, tarehe 8

Nimemtumia msimamizi ujumbe wa masikitiko: profesa amefariki ghafla, na familia imefungia vitabu vyake vyote. Marehemu hahojiwi, nikajipongeza.

Jibu limekuja chai haijapoa. Ananipa pole. Narudia mwaka. Tena anaomba chanzo cha habari za kifo.

Nimelia kidogo. Kisha nikanawa uso, nikakaa mezani. Nimeanza kumtungia mjane. Anaishi mbali, na hapokei simu.